Usimzime Lola

Wengi wenu mmeiona ile video. Mwanamke ameshika usukani huku boneti limesimama wima mbele ya uso wake, mzee amekaa juu ya injini na chupa mkononi, na Mganda mmoja anatembea pembeni akipunga mikono. Ilizunguka kwenye makundi yetu hapa Doha, ikafika Voi kwa mama yangu, naye akanipigia simu kuuliza kama bado nina akili zangu. Ijumaa mbili mfululizo mmenizingira pale kanisani Mesaimeer baada ya ibada mkitaka maelezo, na kila nikianza mtu anacheka kabla sijafika Al Sadd. Basi nimeandika. Habari za vibali na karatasi nimeziruka, maana hata mimi zilinichosha.

Kwa msionijua, mimi ni Wakesho, dereva wa nyumba moja huku Al Thumama. Mwaka wa tisa huu ninapeleka watoto shuleni na kuwarudisha. Magari ya nyumba hiyo yalikuwa yakitengenezwa na Mfilipino mmoja, Kuya Nestor. Kuya kwao ni kaka mkubwa, na kila mtu alimwita hivyo, hata Baba, mzee mwenye nyumba, ambaye anamzidi umri. Baba anapenda magari ya zamani kuliko anavyopenda kula. Ana banda zima nyuma ya nyumba: ya Marekani upande huu, ya Ujerumani upande ule, ya Japani katikati, na kila moja lina kibao cha nchi yake mbele.

Miaka mitatu iliyopita aliletewa kontena la magari mabovu, na ndani kabisa mlikuwa na gofu la bati bapa, halina vioo wala milango. Baba akasema litupwe. Kuya Nestor alipoliona alishika kichwa kwa mikono miwili. Lilikuwa gari la kwao. Enzi ya ujana wake, alituambia, Wafilipino waliunda wenyewe magari ya namna hiyo: injini ya kununua, lakini mwili mzima wa nyumbani, bati lililokunjwa kwa mistari iliyonyooka, bila mviringo popote, ili hata karakana ndogo iweze kulikunja. Siku za kazi yalibeba nguruwe na magunia ya mpunga, Jumapili yakaoshwa yakabeba bibi harusi. Yeye mwenyewe alipokuwa na miaka ishirini kazi yake ilikuwa hiyo hiyo, kukunja bati.

Akaomba aachiwe. Kila Ijumaa kwa miaka mitatu, wakati wengine tunafua nguo na kulala, Kuya alikuwa bandani anakunja. Akalipa jina Lola, ambalo kwao ni nyanya, yule anayekulea mama akiwa kazini.

"Ufilipino nawajua kwa wauguzi na wapishi," Baba alimwambia. "Gari lao sijalisikia."

Mwisho akatoa sharti. Kulikuwa na maonyesho ya magari ya zamani kwenye shamba la rafiki yake huko kaskazini, karibu na Ruwais. Lola akifika kwa injini yake kabla ya adhana ya alasiri, saa lango linapofungwa, atapewa nafasi bandani na kibao chake. Akisimama njiani nusu saa bila kuwaka, atapakiwa kwenye lori la winchi na kupelekwa kwenye vyuma chakavu. Kuya alikuwa anarudi kwao moja kwa moja wiki iliyofuata, baada ya miaka ishirini na minane ya Doha, kwa hiyo Ijumaa nyingine haikuwepo. Na kwa sababu mtoto wa jicho ulikuwa umemnyima leseni, akaja kuniomba mimi niendeshe.

Nilikubali kabla sijafikiri. Ndiyo tabia yangu, mnaijua.

Al Thumama hadi Mesaimeer

Qatar nzima unaweza kuivuka kusini hadi kaskazini na chai yako ikiwa bado vuguvugu. Sisi tuliondoka saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na bado tulichelewa.

Jambo la kwanza Kuya aliloniambia lilikuwa hili: "Sista, usimzime Lola. Stata ameenda likizo." (Tulikuwa tukiongea ile lugha yetu ya Doha, Kiingereza nusu na Kiarabu robo. Hapa ninamwekea Kiswahili, naye hatajua.) Stata ilikuwa imekufa jana yake, na kipuri chake kilikuwa bado njiani kutoka kwao. Tulimsukuma akawaka, nikapanda. Kiti ni kimoja, benchi refu la mbele. Klachi ngumu kama ya trekta. Mimi nimezoea magari makubwa yanayojibadilishia gia yenyewe, na kabla hatujatoka mtaani nilikuwa nimemgonganisha Kuya na kioo mara mbili. Alijishika tu mahali.

Nyuma yetu likaja lori la winchi. Baba alikuwa ameliagiza litufuate mwendo wote. Dereva wake, Khan, ni Mpatani wa Pakistani mwenye ndevu nyekundu za hina na saa kubwa mkononi, na alikuwa ameambiwa aitumie. Kila nikitazama kioo namwona. Alikuwa amejituliza kama mtu anayesubiri mirathi, nami nilimchukia kwa dhati.

Mesaimeer tulisimama kwa sababu Mfilipino hasafiri na gari jipya bila kulibariki, na kwa Kuya hili lilikuwa jipya. Padri alitoka na maji yake, akaanza sala, akasimama.

"Mnaweza kuzima injini?" akauliza.

"Hapana, Padri!" tukasema kwa pamoja.

Basi akasali kwa kupiga kelele, akimshindania Lola, na watu wa maegesho yote wakaitikia amina. Maji mengine yalimpata Khan kwenye dirisha lake. Alijifuta uso kwa heshima.

Al Sadd, vikombe vinne vya chai

Al Sadd tulimfuata Opio. Opio ni Mganda wa Tororo, Kiswahili chake alikipata mpakani, na ndiye soja wa maegesho ya chini ya jengo ambapo huwa namsubiri madamu wa nyumba yetu akienda kununua vitu. Urafiki wetu ulianza kwa ugomvi. Kazi yake ya kutwa ni kupita gari kwa gari akigonga vioo: zima injini, moshi unajaa humu ndani, zima. Alinigonga mimi mwezi mzima. Siku hiyo alikuwa ametoka zamu, na tulimchukua awe msukumaji. Akakaa katikati, mimi kushoto, Kuya mlangoni.

"Dada, hii gari ni ya Nuhu?" akauliza.

"Panda, ukae kimya."

Nikasimama kwenye kibanda cha chai ya maziwa. Mnajua desturi ya hapa: hushuki wala huzimi, unapiga honi na chai inakufuata. Honi ya Lola ilikuwa imewekwa na Kuya, ina sauti sita zinazopokezana, na watu wa kibanda walitoka wote kuona ni harusi ya nani. Kuya akaagiza vikombe vinne.

"Cha nne cha nani?" nikauliza.

"Cha yule." Akaelekeza kwa midomo, kama wafanyavyo kwao, nyuma kwa Khan.

Nilikuwa bado nageuka kumwambia Kuya maneno yangu nilipoona mkono wa Opio. Haukuwa na haraka. Ulinyooka kuelekea ufunguo kama ulivyokuwa umenyooka kuelekea vioo vya madereva wa Doha kwa miaka minne, ukaugeuza, na Lola akanyamaza.

Kimya kile nitakikumbuka.

"Opio!"

"Gari imesimama," Opio akasema, bado anajiona amefanya vizuri. "Gari ikisimama si tunazima?" Kisha akauangalia mkono wake. "Ayi. Dada. Mimi nimeua bibi."

Khan akashuka kwenye lori, akatazama saa, akanyoosha vidole vitatu. Dakika thelathini. Akachukua chai yake, akaenda kuinywea kivulini.

Tukasukuma. Wakaja wauza chai wawili, wakaja Wanepali wawili waliokuwa wakipeleka chakula kwa pikipiki, akaja kijana wa Nairobi mwenye sare ya hoteli aliyekuwa anasubiri basi la kazini. Walisukuma hadi mwisho wa maegesho, nikaachia klachi, Lola akaruka kama mbuzi akasimama. Tukamgeuza. Tena. Akaruka, akasimama.

"Madam, uko gia gani?" yule wa Nairobi akapiga kelele.

"Ya kwanza!"

"Ya kwanza ya nini? Weka ya pili! Na uachie klachi mara moja, si kuibembeleza. Manze, huyu anataka kutuua!"

Wote walicheka isipokuwa Opio, ambaye jasho lilikuwa linamtoka na machozi yako karibu. Mara ya tatu niliweka gia ya pili. Opio alisukuma peke yake nusu ya uzito, naapa, na Lola akawaka kwa mlipuko uliofukuza njiwa wa mtaa mzima. Khan alikuwa amesimama mwisho wa maegesho. Alinionyesha saa yake: dakika ya ishirini na saba. Kuya akamrudishia mwenye kibanda vikombe, akamshukuru, ndipo akapanda. Tangu hapo Opio alisafiri ameikalia mikono yake.

Barabara ya kaskazini

Kwenye barabara kuu mwendo wetu ulikuwa hamsini, na hamsini hiyo ni tukishuka, na mnajua Qatar haina mteremko. Magari yalitupita yakipiga honi. Mara basi la wauguzi likaja sambamba nasi, na nikaona uso mmoja umegeuka, halafu basi zima limesimama upande wa madirisha. Wafilipino watupu. Wanapunga mikono, wanapiga picha, mwanamke mmoja anapigapiga kioo huku analia. Kuya alivua kofia akaiweka kifuani kama bendera inapandishwa.

"Wote hao, kwao lilikuwepo moja kama hili," akasema. "La baba, au la mjomba."

Opio hakuweza kuvumilia. "Sisi Uganda tumeunda basi ya umeme. Haitoi moshi hata kidogo."

"Na sisi Kenya tuliunda gari letu zamani," nikasema. "La Nyayo."

"Iko wapi?"

Nikashughulika na gia.

"Iko wapi, dada?"

"Opio, nitakushusha hapa jangwani."

Kuya alicheka mpaka akakohoa. Lakini baadaye akaniuliza polepole, akitaka kweli kujua, hilo gari letu lilikuwaje. Nikamwambia nilikuwa mdogo, niliona picha tu gazetini, na baba yangu alikata ile picha akaibandika ukutani, na ilikaa pale miaka mingi baada ya gari lenyewe kusahaulika. Sikuwahi kumsimulia mtu jambo hilo. Kuya akatikisa kichwa taratibu, akasema baba yangu alikuwa mtu mzuri.

Al Khor, tunamlisha adui

Karibu na Al Khor Khan alitupita, akatuwashia taa tusimame. Ilikuwa saa ya sala ya Ijumaa na vituo vya petroli vilikuwa vimefungwa. Akaingia msikitini.

Hapo ndipo niliona bahati yetu. "Kuya, twende! Akitoka sisi tuko Ruwais."

Kuya akanitazama kana kwamba nimemwambia tuibe. "Tumetoka naye pamoja. Hatujala."

"Huyo ndiye atakayempeleka Lola kwenye vyuma chakavu!"

"Hata yeye hajala," akasema Kuya. Huo ndio ulikuwa mjadala mzima.

Niliudhika, siwafichi. Nilikaa kwenye usukani na injini inanguruma, nikiangalia muda unavyokwenda, huku Kuya anatandika gazeti kwenye sakafu ya nyuma na kupanga mabakuli: wali, kuku wa siki na vitunguu saumu, sambusa zao nyembamba ndefu. Opio akatoa ndizi na karanga. Mimi nilikuwa na chapati kumi na mbili nilizozipika alfajiri, nikazitoa kwa kununa.

Khan alirudi, akakuta sahani yake imejazwa. Alisimama. Kuya akamwonyesha kuku, akasema halali, halali, nimenunua kwa Wapakistani wenzako. Khan alikaa. Alikula kimya chapati tatu, akaichunguza ya nne huku na huku, akaniuliza nani amepika. Nikasema mimi. Akasema ni nzuri, lakini mama yake angeniongezea chumvi. Kisha akaenda kwenye lori lake akarudi na tikiti maji, akalipasua kwa goti. Kuya akamweleza kuhusu zile Ijumaa za miaka mitatu. Khan akainuka, akaenda kupapasa mkunjo wa mlango kwa kidole gumba kutoka juu hadi chini, kama anatafuta kosa. Hakulipata.

Kilomita moja na nusu bila kuona

Tuliondoka saa saba kamili. Saa nane na dakika kumi, mahali ambapo tayari tuliziona bendera za maonyesho kwa mbali, Lola akakohoa, akakohoa tena, akafa katikati ya mchanga mtupu.

Kuya alifungua boneti, akasikiliza, akanusa. "Pampu ya mafuta imepasuka. Petroli ipo, haifiki juu." Alisema taratibu sana. Halafu akakaa chini kando ya tairi, na kwa mara ya kwanza siku hiyo nikamwona ni mzee. "Imetosha, sista. Amejitahidi."

Opio alisimama anaangalia bendera. Lori la winchi likasogea nyuma yetu, mlango ukafunguka, Khan akashuka. Akatazama bendera, akamtazama Kuya pale chini, akaitazama saa yake. Kisha akaivua, akaitia mfukoni.

"Mnahitaji nini?" akauliza.

Kuya akainua kichwa. "Mpira. Mwembamba. Kama mita moja."

Khan alikuwa nao, ule anaotumia kunyonya petroli kwenye magari mabovu. Katika dakika kumi Kuya alijaza petroli kwenye chupa ya maji, akatia ncha moja ya mpira humo na nyingine kwenye kabureta. Akapanda juu ya ubavu wa injini, miguu inaning'inia ndani, akainua chupa juu ya kichwa. Petroli ingeshuka yenyewe. Alichohitaji ni mimi niendeshe, na boneti lililo wazi mbele yangu lilikuwa limenizibia dunia yote.

"Siwezi," nikasema. "Kuya, sioni kitu. Nitakuua."

Hapo Opio akaja dirishani kwangu. Akaniangalia, mgongo umenyooka, sauti imebadilika. Nilimfahamu: huyu alikuwa soja wa maegesho kazini, mtu ambaye kwa miaka minne ameingiza magari ya wenyewe kwenye vijinafasi vya chini ya ardhi bila mkwaruzo hata mmoja.

"Dada, usiangalie mbele. Angalia mkono yangu."

Khan alisukuma kwa bega. Gia ya pili. Akawaka.

"Njoo," Opio akasema, akitembea kando yangu. "Njoo, njoo. Kulia kidogo. Kidogo, nimesema! Njoo. Kuna jiwe, kushoto. Njoo, njoo, njoo."

Nikauangalia mkono ule tu, kiganja cheupe kinachofunguka na kufumba, na sauti ya Kuya juu akiimba kitu cha kwao ili asiwaze jinsi injini inavyomchoma. Khan alikuwa nyuma na lori lake, taa zake zote zinamulika. Sauti za watu zikaanza kusikika, kisha simu zikainuliwa, na huko ndiko ilikotoka video yenu. Nikasikia kipaza sauti cha msikiti wa shamba kikikwaruza, kile kikohozi cha mwadhini kabla ya adhana. "Njoo njoo njoo njoo," Opio anakimbia sasa, "ingia, ingia, sawa, simama!"

Nikakanyaga breki. Adhana ikaanza.

"Zima!" akaamuru Opio.

"Usimzime!" tulipiga kelele watu watatu, na Khan ndiye aliyepiga kubwa zaidi.

Baba alikuwa langoni. Alingoja adhana iishe, akaja taratibu akizunguka gari zima, akagonga bati kwa kifundo cha kidole.

"Nani amekunja hili?"

"Mimi," Kuya akasema. Alikuwa bado juu, ameinua chupa yake.

"Na kule kwenu, haya yalikunjwa na nani?"

"Mimi pia, Baba. Mimi na wenzangu."

Magari mengine yote yalikuwa na vibao. Baba akachana kipande cha boksi la chupa za maji, akaomba kalamu kwa soja wa lango, akaandika kwa mkono wake jina la nchi, na chini yake jina la Kuya Nestor. Akakichomeka mbele ya Lola. Ndipo Kuya akashusha mkono.

Al Thumama hadi uwanja wa ndege

Kipande hiki cha safari hamkukiona kwenye video, nacho ni cha dakika kumi tu. Siku ya kuondoka kwa Kuya, asubuhi, Baba alisema mtu aliyefika Ruwais na Lola hapelekwi uwanjani kwa teksi. Nikaendesha mimi. Opio alikuwa nyuma ameshikilia mabegi, na Khan, ambaye hakuna aliyemwita, alitufuata na lori lake akipiga honi.

Nilisimama kwenye mlango wa wasafiri, mguu juu ya klachi, injini inanguruma. Askari akaanza kuja kutufukuza.

"Zima, sista," Kuya akasema.

"Usinitanie. Hapa nitasukumwa na nani?"

"Zima."

Nikageuza ufunguo. Lola akanyamaza mbele ya uwanja mzima wa ndege, na Opio akafunika macho.

"Sasa washa."

Nikawasha. Akawaka papo hapo, mara moja, laini. Kipuri cha stata kilikuwa kimefika siku mbili kabla, na yeye alikuwa amekifunga bila kumwambia mtu. Akatabasamu kidogo, akanipigapiga bega, akachukua mabegi yake na kuingia ndani. Nikabaki kwenye usukani nalia.

Njiani kurudi Al Thumama nilisimama kando mara tatu, bila sababu yoyote, nikamzima Lola, nikamwasha.